Pikipiki ya Kwanza

Nilikuwa nikikaa Ukunda, katika pwani ya kusini ya Kenya, nikifundisha hesabu na fizikia katika shule moja ya kutwa iliyo ng'ambo ya mji wa Kwale. Kila siku ya kazi niliondoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza. Nilipanda matatu mpaka Kombani, mahali ambapo njia ya Kwale huiacha barabara kuu ya Likoni na kuanza kuparamia milima ya Shimba. Hapo nilingoja matatu ya pili, nayo haikung'oa nanga mpaka imejaa. Na nilipofika Kwale nilikuwa ningali na kilomita 3 za udongo mwekundu mbele yangu, ambazo nilizikata kwa miguu siku za ukata na kwa bodaboda siku za mshahara. Safari nzima haikufika kilomita 30, lakini iliweza kunila saa mbili asubuhi na saa mbili jioni. Niliwaambia wanafunzi wangu kwamba wakati ni mali, kisha mali yangu mwenyewe nikaimwaga juu ya benchi la stendi, nikisahihisha madaftari juu ya mapaja huku utingo akiita abiria masikioni mwangu. Mwaka 2019, baada ya kuweka akiba katika chama cha ushirika kwa miaka miwili, nikaazimia kununua pikipiki.

Azimio kama hilo si la ajabu kwa watu wengine. Pikipiki zimekuwa nyingi katika nchi yetu kama kunguru wa Mombasa, hasa tangu mwaka 2008, serikali ilipoziondolea kodi ya ongezeko la thamani zile ambazo injini zake ni ndogo kuliko 250. (Tarakimu hizi, msomaji, ni ujazo wa silinda kwa sentimita za ujazo, ndizo watu wazitajazo wasemapo kwamba pikipiki fulani ni ya mia, au ya mia na hamsini, nami nitazitumia vivyo hivyo.) Biashara ya kupakia abiria, iliyoanza kwa baiskeli mpakani mwa Kenya na Uganda katika miaka ya 1960, ikahama ikaingia katika pikipiki, na leo hakuna njia panda isiyokuwa na kundi la vijana waliokaa juu ya vyombo vyao wakingoja mteja. Lakini katika nyumba yetu pikipiki ilikuwa neno lisilotajwa penye chakula.

Sababu yake ni hii. Mama yangu alikuwa na mdogo wake wa kike, mama mdogo wangu, mwanamke mcheshi aliyependa arusi kuliko usingizi. Jioni moja ya mwaka 2011 alikuwa akirudi arusini, amepakiwa nyuma ya pikipiki, amekaa upande kama wakaavyo mama zetu wote, leso moja kiunoni na nyingine mabegani. Ncha ya leso ya mabegani ilipeperuka ikaingia katika spoki za gurudumu la nyuma. Gurudumu likaivuta leso, leso ikamvuta mwenyewe, naye akaanguka kwa kisogo juu ya lami. Hakuwa na kofia ngumu kichwani. Aliishi siku 9 hospitalini. Leso iliyorudi nyumbani ilikuwa nusu. Nusu ya pili ilibidi ikatwe kwa kisu kutoka katika ekseli. Tangu siku hiyo mama yangu hakupanda tena pikipiki, na kila iliyopita mlangoni petu usiku alinyamaza kimya mpaka mlio wake ukapotea.

Kwa hiyo nilificha. Nilikuwa na umri wa miaka 31, mtu mzima mwenye kazi yake, nikaficha kama mtoto aliyechota sukari. Nakiri kosa hilo mapema kwa sababu lilizaa la pili: mtu afichaye shauri hulikata peke yake, na akilikata peke yake hulipamba apendavyo.

Pikipiki niliyoipamba ilikuwa ya 250, nyekundu, ya Kijapani, ndefu kama ngamia. Ilikuwa imekwisha kutumika, nayo iliegemezwa katika ua wa mtu mmoja auzaye vyombo vya moto kando ya njia ya Diani. Bei yake ilikaribiana na bei ya pikipiki mpya ya 150, nami nikajiuliza, je, kuna hesabu gani iwezayo kukataa nguvu zaidi kwa fedha ile ile? Kila Jumamosi nilijisingizia haja ya kupita hapo nikaitazame. Nilijiona juu yake nikipanda kilima cha Kwale katika ukungu wa asubuhi, matatu zote zimebaki nyuma yangu. Katika njozi hiyo hamkuwamo mchanga, wala mbuzi wakatizao barabara, wala lori la kokoto. Na mama yangu hakuwamo kabisa.

Nilimwomba mtoto wa ami yangu anisindikize, kwa kuwa alikuwa na ujuzi wa mambo hayo. Muuzaji alimpokea kwa mikono miwili, akamweleza habari za injini, na matairi, na bei. Kila nilipouliza swali, jibu lilikwenda kwake. Nilipouliza kimo cha kiti, alicheka akamwambia ndugu yangu, "Dada atazoea." Hatimaye nikasema kwamba mwenye fedha ni mimi na mwenye kupanda ni mimi. Nikapanda.

Sikuwa mgeni kabisa. Nilikuwa nimekwisha kujifunza kidogo katika uwanja wa mpira, kwa pikipiki ndogo ya jirani. Lakini nilipoketi juu ya ile nyekundu niligusa chini kwa ncha za vidole vya mguu wa kushoto tu, na wa kulia ukabaki unaning'inia. Niliwasha, nikashika klachi, nikatia gia ya kwanza, nikaenda hatua ishirini vizuri kabisa, na hatua hizo ishirini zilinipa kiburi cha mwaka mzima. Nikataka kugeuka. Ua ulikuwa na kokoto. Nilipokata usukani huku nikiikaza breki ya mbele kwa ghafula, pikipiki ikainama upande wa kulia, nami nikaitafuta ardhi kwa mguu nisiipate. Ilianguka polepole, kwa adabu, kama mzee akaaye kitako, nami nikalala kando yake. Hakuna kilichovunjika ila kioo kimoja cha pembeni na heshima yangu. Petroli ikadondoka katika kokoto. Nikasimama, nikashika usukani, nikainua, haikuinuka. Nikainua tena. Vijana wawili waliokuwa wakiosha magari waliziacha ndoo zao wakaja kuisimamisha, na mmoja wao akasema neno ambalo hakulikusudia kwa ubaya: "Sasa ukianguka kule msituni Kwale, Mwalimu, utamwita nani?"

Nililipa kioo. Ndugu yangu aliomba hati ya umiliki, ikaonekana kwamba jina lililoandikwa humo si la muuzaji wala la mtu yeyote aliyeweza kupatikana. Jambo hilo peke yake lilitosha kuturudisha nyumbani, lakini mimi nilirudi na swali la yule kijana.

Karibu na soko la Ukunda palikuwa na fundi mmoja mzee, aliyezitengeneza pikipiki tangu zilipokuwa chombo cha askari, mapadri na maafisa wa kilimo. Nilimwendea.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Umekuja kwa miguu. Basi hapana kilichoharibika. Umekuja kutaka shauri."

Nilimweleza yote, pamoja na kuanguka. Hakuniuliza nina fedha kiasi gani, wala napenda rangi gani. Aliniuliza njia yangu ina mchanga kiasi gani na lami kiasi gani, nitabeba nini, mvua ikinyesha nitakwenda au nitalala, na nani atakayekaa nyuma yangu. Nikamjibu kwamba nyuma yangu hatakaa mtu. Akaacha kufuta mikono.

"Hakuna pikipiki isiyokuwa na mtu wa nyuma, Mwalimu. Leo humwoni; usiku wa kesho mtoto wa jirani ana homa, nayo nyumba yenye pikipiki ni yako."

Kuhusu kuanguka kwangu alisema jambo ambalo sijapata kulisahau. "Wewe hukushindwa na nguvu. Nguvu zilikuwa bado kuanza. Ulishindwa na uzito, na uzito hufanya kazi hata injini ikizimwa." Kisha akanitolea pikipiki ya mteja mmoja akaniamuru niketi, nyayo zote mbili zilale chini, nishuke niirudishe kinyumenyume kutoka katika kishimo cha maji ya mvua, halafu akailaza juu ya magunia akaniambia niiinue peke yangu. Nilipoinama kuivuta kwa mikono, alinizuia. Akanifundisha kuigeuzia mgongo, kuegemeza makalio kwenye kiti, kushika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mkono wa pili, na kurudi nyuma kwa hatua ndogo, miguu ikifanya kazi badala ya mgongo. Ikainuka. Ilikuwa ya 125, na uzito wake ulizidi kilo 100 kwa kiasi kidogo.

Naona haya kuandika yanayofuata, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa fizikia. Mwaka baada ya mwaka nimeandika ubaoni kwamba mwendo ukiongezwa mara mbili, nishati ya kitu kiendacho huongezeka mara nne. Nimewapa wanafunzi swali la mtu aendaye kilomita 50 kwa saa: kila sekunde moja hupita karibu mita 14. Akiona mbuzi mbele yake, huenda sekunde nzima ikapita kabla ya mkono wake kukaza breki, na katika sekunde hiyo amekwisha kuvuka umbali mkubwa kuliko urefu wa darasa letu, mwendo wake haujapungua hata chembe. Vijana wangu walilijibu swali hilo vizuri. Lakini sikuwahi kujiweka mimi mwenyewe mahali pa ule mwili usio na jina ambao hutembea katika maswali ya fizikia.

Baadaye nilisoma habari za uchunguzi uliotolewa nchini Marekani mwaka 1981 na Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California, walioziendea ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles wakazipima moja moja. Waliona kwamba mara nyingi pikipiki ilipogongana na gari, mwenye gari hakuwa ameiona pikipiki, au aliiona kwa kuchelewa. Waliona pia kwamba watu 92 katika kila 100 walikuwa hawajapata mafunzo rasmi. Walikuwa wamejifundisha wenyewe, au wamefundishwa na ndugu na rafiki, kama mimi katika uwanja wa mpira. Na zaidi ya nusu yao walikuwa na muda usiotimia miezi 5 juu ya pikipiki ile iliyoanguka nao, ingawa kwa wastani walikuwa na karibu miaka 3 ya kuendesha. Uchunguzi huo ni wa zamani, nao ni wa barabara zisizofanana na zetu. Lakini hilo la mwisho lilinikaa rohoni. Hata mjuzi, akipanda chombo asichokizoea, hurudishwa darasa la kwanza. Je, aanzaye kabisa, akianza kwa chombo kizito asichokifikia chini?

Basi nikaanza kuchagua upya, safari hii nikiwa na njia yangu mkononi. Pikipiki ya 100 ilikuwa nyepesi na yenye kula mafuta kidogo, lakini tambarare ya Kwale imeinuka zaidi ya mita 300 juu ya bahari, na pikipiki ya 100 iliyopakia watu wawili hupanda mteremko huo ikilia kwa gia ya pili, na malori nyuma yake. Udhaifu uliopita kiasi nao una hatari yake. Skuta isiyokuwa na gia ilinivutia kwa sababu ya urahisi, hata nikatazama magurudumu yake madogo nikayakumbuka mashimo ya zile kilomita 3 za udongo wakati wa masika. Boxer ya 150, ambayo vijana wa bodaboda waiapia kama dini, ina sifa moja kubwa sana: vipuri vyake hupatikana hata katika maduka yauzayo misumari, na kila fundi huijua kwa kupapasa gizani. Nilikaribia kuichukua. Ila nilipoketi juu yake nilifika chini kwa nusu ya nyayo, nami nilikuwa nimekwisha kuonja gharama ya nusu nyayo.

Ilibaki ya 125. Jina la kampuni sitalitaja, maana mimi si tarishi wa duka. Nyayo zangu zililala chini zote mbili. Kilima ilikipanda bila manung'uniko. Mnyororo wake ulifunikwa wote ndani ya sanduku la bati, wala haukuachwa wazi kama wa nyingine. Na vipuri vyake vilipatikana papo hapo Ukunda. Nilishauriwa ninunue iliyotumika ili nipunguze gharama. Lakini nyingi katika zile nilizoonyeshwa zilikuwa zimefanya kazi ya abiria, na pikipiki ya abiria huamka na jogoo ikalala baada ya wezi. Waya wa kipimo cha mwendo hukatwa, na mnunuzi huambiwa kwamba ilikuwa ya mwalimu mstaafu. Nilinunua mpya, kwa bei iliyokaribia shilingi 115,000. Kama ningechagua leo ningezipima pia pikipiki za umeme, ambazo wakati ule hazikuwa zimeenea: hazina klachi wala gia, jambo ambalo ni faraja kwa anayeanza, na betri iliyokwisha hubadilishwa kituoni kwa iliyojaa. Hapo ningeuliza swali lile lile la njia yangu, nipate kujua kama kituo hicho kipo upande wa Kwale au ni Ukunda na Mombasa peke yake.

Lakini nimejitangulia. Kabla sijanunua, fundi aliniuliza, "Mama yako ana habari?" Nikanyamaza. Akasema, "Kamwambie kwanza. Pikipiki ya kuficha huendeshwa mbio, kwa sababu mwenyewe huwahi kurudi kabla hajaulizwa alikuwa wapi."

Nilimwambia jioni ile, akiwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Mkono wake ulisimama. Nilijitayarisha kwa kilio, au kwa ghadhabu, na kwa yote mawili nilikuwa na majibu: saa nne za kila siku, nauli, ujana unaokwisha stendi. Hakulia wala hakukasirika. Alitazama chicha ndani ya sinia kwa kitambo, kisha akaniuliza, "Gurudumu lake lina nguo?"

Sikufahamu.

"La nyuma, mwanangu. Limevikwa kitu, au liko uchi?"

Hilo ndilo swali la maana kuliko yote niliyoulizwa katika shauri zima, na mimi, mwenye elimu, sikuwa nimeliuliza. Nilirudi kwa fundi. Akanionyesha kitu ambacho macho yangu yalikuwa yakikipita kila siku: kimiani cha vyuma, chembamba, kilichofungwa upande wa kushoto wa gurudumu la nyuma la pikipiki nyingi zitokazo India. Vijana wengi wa bodaboda hukifungua wakakitupa, au hukiuza kama chuma chakavu, kwa kudhani kwamba ni pambo. Si pambo. Wanawake wa India huvaa sari, nao hukaa upande kama mama zetu. Na kanuni za vyombo vya moto za nchi hiyo za mwaka 1989 zinaagiza kwamba pikipiki iwe na kinga ifunikayo si chini ya nusu ya gurudumu la nyuma, ili nguo za aliyepakiwa zisinaswe. Kanuni hiyo ilivuka bahari pamoja na vyuma vyake, ikafika kwetu, nasi hatukuisoma. Nilifikiri habari za nusu ya leso iliyo ndani ya sanduku la mama yangu, nikaomba maji ya kunywa.

Mambo mengine niliyatenda kwa utaratibu. Nilijiandikisha katika shule ya udereva, nikajifunza kwa ajili ya leseni ya daraja la A2, ambalo ni la pikipiki nyepesi. Huko nilifundishwa kwenda polepole, jambo gumu kuliko kwenda mbio: kuzunguka nambari nane kati ya mawe bila kuweka mguu chini, macho yakitazama niendako na si gurudumu. Huko pia niliondolewa uwongo niliofunzwa uwanjani, kwamba breki ya mbele haiguswi kwa kuwa humrusha mtu. Chombo kikisimamishwa, uzito wake hukimbilia mbele, na gurudumu la mbele ndilo lenye kushika ardhi kwa nguvu. Asiyeitumia breki yake ameutupa uwezo mwingi wa kusimama. Hukamuliwa kidogo kidogo, kama limau, pikipiki ikiwa wima. Juu ya kokoto na mchanga hukamuliwa kwa hofu zaidi. Ndipo nilipofahamu kilichonilaza katika ua wa yule muuzaji. Bima ya kuwalinda watu wengine, ambayo sheria yetu huilazimisha, niliikata siku ile ile ya kununua.

Fedha za kofia ngumu nilizitoa kwanza, kabla ya fedha za pikipiki, nami namshauri kila anayeanza afanye hivyo, kwa sababu kofia inunuliwayo kwa chenji huwa kofia ya chenji. Mwaka 1935 Mwingereza T. E. Lawrence, aliyepata umaarufu katika vita vya Arabuni, alianguka na pikipiki akijaribu kuwaepuka vijana wawili wa baiskeli, akafa baada ya siku 6 bila kupata fahamu. Mmoja wa matabibu waliomwangalia alikuwa Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo. Kifo hicho hakikumtoka moyoni. Aliendelea kuchunguza vichwa vya wapanda pikipiki wa jeshi, na mwaka 1941 alichapisha matokeo yake, akaonyesha faida ya kofia ngumu. Wataalamu waliokusanya chunguzi nyingi pamoja, wakatoa hesabu yao mwaka 2008, waliona kwamba kofia hiyo hupunguza hatari ya kufa ajalini kwa asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Sheria ya Kenya humtaka mwendeshaji na aliyepakiwa wote wawili wavae kofia ngumu na koti lenye kuakisi mwanga, na aliyepakiwa awe mmoja tu. Nilinunua kofia mbili, zenye kubana mashavu na kufungwa vizuri chini ya kidevu. Ya pili sikumwambia mtu ni ya nani.

Siku niliyoitoa pikipiki dukani niliipeleka moja kwa moja kwa fundi ili akaze alivyoona vinalegea. Mama yangu alikuja kwa miguu. Hakumsalimu fundi kwa maneno mengi. Aliizunguka pikipiki mara moja, kisha akachuchumaa upande wa kushoto, akaivua leso ya mabegani, akaishika ncha yake, akasema, "Zungusha."

Fundi akaisimamisha pikipiki juu ya stendi kubwa, akalizungusha gurudumu kwa mkono. Mama akaisukuma ncha ya leso kwenye kile kimiani, juu, katikati, na chini. Leso ikapapasa vyuma isipate mlango. Akainuka, akaja upande wa kulia, ambako kiwanda hakikuweka kitu ila bomba la moshi. Fundi akazungusha tena. Safari hii leso ilichukuliwa mara moja. Mama akaiachia kabla haijakaza, nayo ikazunguka na gurudumu mizunguko miwili, ikasimama.

"Hapa," alisema mama yangu.

Fundi hakubishana. Alipima kwa kamba, akakata nondo nyembamba, akaniambia nirudi siku ya tatu. Siku ya tatu tulirudi sote wawili. Kimiani cha pili kilikuwa kimechomelewa, kinyume cha kwanza, kimepakwa rangi nyeusi isiyofanana kabisa na ya kiwanda. Mama akaitoa leso ile ile, iliyokuwa sasa na alama ya grisi isiyotoka, akachuchumaa, akasema, "Zungusha." Alijaribu kwa muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Alipotosheka aliikunja leso, akaifunga kiunoni, akamlipa fundi kwa fedha zake mwenyewe, akakataa nisimsaidie.

Kofia mbili zilikuwa juu ya kiti. Mama aliitazama ya pili, akaishika, akaipima uzito, akairudisha mahali pake. Kisha akashika njia ya nyumbani kwa miguu, nami nikaisukuma pikipiki kando yake, imezimwa, mpaka mlangoni petu.